Malalamiko ya Gemu Yasomwe kwa Saa za Kucheza

Gemu ikitoka na kupokelewa vibaya, timu nyingi huanza kwa kuyapanga malalamiko kwa mada: picha, ugumu, hadithi, seva. Nami nilifanya hivyo kwa miaka kadhaa katika kazi yangu ya kutathmini gemu baada ya kutolewa, hadi nilipotambua kwamba mada huonyesha mahali mchezaji alipoumia tu, wala haionyeshi kilichomuumiza. Siku hizi naanza na saa za kucheza.

Duka la Steam, linalouza gemu mtandaoni, huonyesha kando ya kila tathmini muda ambao mwandishi wake alikuwa amecheza. Duka hilohilo kwa kawaida humrudishia fedha mnunuzi aliyecheza chini ya saa 2 na akaomba ndani ya siku 14, kwa hiyo hapo pana mpaka wa asili. Aliyekasirika ndani ya saa 2 mara nyingi hajaufikia mchezo wenyewe. Amekwama kwenye gemu inayojizima, mafunzo ya mwanzo yasiyokwisha, au tangazo lililomwahidi kitu asichokiona. Aliyelalamika baada ya saa 30 aliipenda gemu kiasi cha kubaki, na kilichomchosha kimo ndani ya usanifu wake.

Niliwahi kuishauri timu moja ndogo ipunguze nguvu za maadui kwa sababu neno "ngumu" lilijirudia kila mahali. Kumbe wengi walioliandika hawakuwa wamepita saa ya kwanza, na ugumu waliousema ulikuwa wa vitufe vilivyochelewa kuitika. Vitufe vikabaki vilevile, mapigano yakapoa, na wale wachache waliokuwa wakiifurahia gemu nao wakaondoka. Kosa hilo lilikuwa langu.

Baada ya kujua nani analalamika, huja kazi ngumu zaidi ya kutafuta chanzo, ambacho mchezaji hana namna ya kukiona. Final Fantasy XIV, gemu ya kuchezwa mtandaoni, ilipotoka Septemba 2010, wachezaji walilalamikia mwendo wake mzito na mengine mengi. Naoki Yoshida, aliyekabidhiwa mradi huo Desemba mwaka uleule, alieleza baadaye kwamba chungu cha maua ndani ya gemu hiyo kilikuwa na poligoni (vipande bapa vinavyounda umbo) zipatazo 1,000, sawa na mhusika mzima. Hakuna mchezaji aliyeandika "punguzeni vyungu". Chanzo kilikuwa mazoea ya kazi: timu iliyotukuza ubora wa picha kuliko yote, bila mtu wa kuuliza kila kitu kinaigharimu mashine kiasi gani. Ndiyo maana viraka, yaani marekebisho madogomadogo, havikutosha. Seva zilizimwa Novemba 2012, na gemu iliyojengwa upya ikatoka Agosti 2013.

Si kila mara chanzo huwa kikubwa hivyo. Katika Aliens: Colonial Marines ya mwaka 2013, sehemu ya upumbavu wa maadui ilitokana na herufi moja ya ziada, "teather" badala ya "tether", katika faili ya usanidi (yenye mipangilio ya gemu), na ilijulikana kwa wengi mwaka 2018 tu. Kwa hiyo naitaka timu ikague faili zake kabla ya kuanza kujadili falsafa.

Kuhusu kuzungumza na wachezaji, sina maneno mengi. Kampuni ya Hello Games ilipoandamwa mnamo Agosti 2016 kwa sababu gemu yake No Man's Sky ilikosa mambo yaliyoahidiwa, ilikaa kimya kwa sehemu kubwa hadi ilipotoa sasisho la kwanza kubwa mwezi Novemba. Ukimya wa namna hiyo huwaudhi watu, nami simshauri kila mtu auige, lakini naielewa mantiki yake: iwapo hasira imetokana na ahadi, ahadi nyingine huongeza deni. Timu ninazofanya nazo kazi huwa naziomba zikiri tatizo kwa jina lake mara moja, kisha zisitaje tarehe ya marekebisho hadi yawe yamejaribiwa kwenye mashine dhaifu kuliko zote wanazodai kuzihudumia.