Sahani ya santuri ikiwa kuukuu haili sindano

Juzi kaja kijana na pleya ya santuri ya marehemu baba yake, anataka nibadilishe sindano. Nikamuuliza santuri ziko wapi tujaribie, akasema kaka yake kashachoma nusu ya katoni, eti zimechakaa na sahani, yaani hiyo santuri, ikichakaa inakula sindano. Zilizopona kuna mbili ndogo za bendi ya Tabora Jazz. Aisee nilikaa kimya. Nimeshaisikia hiyo habari mara nyingi sana hapa mjini ila safari hii imeniuma, ndo maana naandika.

Sindano kwa kawaida ni almasi, sahani ni plastiki. Plastiki ikichakaa haigeuki kuwa ngumu ikaishinda almasi! Ile krrr unayosikia siyo sindano inasagika, ni kuta za mfereji, ule mstari sindano inamopita, zilishachanika miaka hiyo, sasa sindano inazisoma kama zilivyo, kama inavyosoma gitaa. Na aliyezichana nani? Mara nyingi ni sindano iliyopitiliza muda, almasi ikitumika sana inapata bapa pande mbili, kona za bapa zinakuwa kama patasi, ukiipitisha kwenye sahani mpya kabisa inaikwangua. Yaani watu wameigeuza habari nzima kichwa chini miguu juu, anayeliwa ni sahani.

Wazee wetu nawaelewa walikoitoa. Enzi za gramafoni ya kukaza kamani, santuri za mizunguko 78 kwa dakika zilikuwa za shelaki, utomvu mgumu wa wadudu, iliyochanganywa na unga wa mawe, na sindano ya chuma ilitakiwa isagike ikae sawa na mfereji, ukimaliza upande mmoja unatupa unaweka nyingine. Pale ilikuwa kweli tupu. Ila LP, ile santuri kubwa ya muziki mrefu, ya plastiki ilitoka 1948 jamani, na sindano zetu siyo za chuma tena.

Kinachomaliza almasi ni masaa, uzito na vumbi. Upande mmoja wa LP, dakika 20, sindano inatembea kama mita 440, kwa hiyo masaa 300 ni kama kilomita 400, umepanda treni hapa Tabora umeshukia Kigoma, njia nzima unasuguliwa. Sasa ongeza vumbi letu la kiangazi, lina mchanga mgumu kupita kioo, likijaa kwenye mfereji ni msasa. Na hapa ndo watu wanapochanganya, sahani kuukuu ya uvunguni kweli imejaa vumbi, lakini dawa ya vumbi ni kuosha, siyo kiberiti! Halafu wewe unayebandika sarafu juu ya mkono wa pleya ili sindano isiruke, katriji, kile kichwa kinachoshika sindano, nyingi zinataka kama gramu 2, umeshaupita huo uzito kwa mbali, usije kulaumu santuri.

Hayo masaa yenyewe siyashikilii sana, wengine wanasema 300, wengine 500, zile za ncha nyembamba mpaka 1,000. Mimi naiweka sindano chini ya darubini naangalia bapa. Na sikatai mkwaruzo mkubwa unaigonga sindano, sahani iliyopasuka kabisa siichezi maana inaweza kung'oa almasi, ila kati ya hapo sina kipimo, na anayekupa kipimo muulize kapimaje.

Zile mbili kijana kaniachia. Nimeziosha kwa maji na tone la sabuni, lebo sijailowanisha, nimezianika kivulini. Krrr ipo mwanzoni, gitaa likishaingia unaisahau.