Lenzi inayozama: uzushi na ukweli kuhusu Elmar ya kale

Kamera yangu ya filamu, Leica IIIf, haina betri wala kipima mwanga, na lenzi iliyo mbele yake ni Elmar ya milimita 50, f/3.5 (namba ya f ni kipimo cha tundu la mwanga: ikiwa ndogo, tundu ni pana), ya miaka ya 1930. Ukiishika pete ya mbele, ukaizungusha kidogo na kuisukuma, mtungi wote wa lenzi unazama ndani ya kamera, na kinachobaki nje kinakaribia unene wa kidole gumba. Kamera na lenzi yake vinaingia mfuko wa koti. Aliyeibuni lenzi hii ni Max Berek wa kiwanda cha Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, mara tu baada ya Leica ya kwanza ya Oskar Barnack kuingia sokoni mwaka 1925, na ikaendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka 30.

Katika umri huo imejikusanyia sifa nyingi, na uzushi pia. Mwingine niliuamini mwenyewe, ukanila filamu nzima.

"Kioo kama kifungo cha shati, picha itatoka hafifu"

Ukubwa wa kioo unaamua mwanga kiasi gani uingie, basi. Gawa milimita 50 kwa 3.5, unapata tundu la milimita 14 na ushee. Lenzi hii haina sababu ya kubeba kioo kipana sana kuliko hapo. Zile nene za f/1.4 zina uzito kwa sababu tundu pana huja na dosari zake, na kila dosari hudai kioo kingine cha kuirekebisha.

Elmar ina vioo vinne tu, viwili vya nyuma vikiwa vimegandishwa pamoja. Ni ndugu wa Tessar, lenzi ya kampuni ya Zeiss ya mwaka 1902, ila Berek aliisogeza diafragma, yaani visu vinavyobana tundu, ikakaa nyuma ya kioo cha kwanza kabisa. Ikiwa wazi yote, pembe za picha hulegea, sitadanganya. Ifunge mpaka 6.3 au 9, weka filamu ya ISO 400, na hapo chembe za filamu yenyewe ndizo zitakazokuzuia kuona zaidi.

"Ukiona vizuri dirishani, picha itatoka vizuri"

Huu ndio ulioniumiza. Aliyezoea kamera zenye kioo cha kuakisi ndani anajua kwamba anachokiona kimepita kwenye lenzi. Kamera ya renjifainda haiko hivyo. Ina madirisha yake pembeni, mbali na lenzi. Mawili kati ya hayo, yaliyoachana kwa sentimita chache, hutazama kitu kilekile kutoka pande mbili, na kifaa cha ndani huzipandanisha taswira zake. Ukizungusha lenzi, ukingo wake wa shaba nyuma husukuma kigurudumu kidogo ndani ya kamera. Taswira mbili zikilingana zikawa moja, umepata fokasi. Kwenye IIIf kuna matundu mawili ya jicho: moja la kupima fokasi, linalokuza mara 1.5, na la pembeni yake la kupangia picha. Hakuna hata moja linalojua lenzi inaona nini.

Ndiyo maana unaweza kupiga filamu nzima kifuniko kikiwa mbele ya lenzi. Na ndiyo maana filamu yangu ya pili, niliyoipiga kwenye arusi ya binamu, iliharibika, picha zote 36. Niliivuta lenzi nje, sikuizungusha mpaka igome. Kila nilipoigusa ilirudi ndani kidogo kidogo, na dirishani bibi arusi alionekana safi kabisa. Kijana aliyenisafishia filamu aliinua negativu kwenye taa, akazitazama kwa muda, akaniuliza kwa upole: "Kaka, huko kulikuwa na ukungu?"

Siku hizi ninavuta, ninazungusha mpaka igome, halafu ninaisukuma kwa kidole. Ikikataa kurudi, ndipo ninapiga.

Tabia hiyohiyo ya madirisha ina faida yake. Wapo wanaosema lenzi ya f/3.5 inatia giza dirishani. Hapana. Weka f/1.4 au f/3.5, mwanga unaouona ni uleule.

"Lenzi isiyo na utando usiipe filamu ya rangi"

Utando wa kupunguza mwanga unaorudishwa na kioo ulianza Zeiss katikati ya miaka ya 1930, na Leitz walianza kuuweka kwenye Elmar baada ya vita. Yangu haina. Lakini piga hesabu kabla ya kuihukumu. Kila uso wa kioo usiopakwa kitu, unaokutana na hewa, hurudisha asilimia 4 mpaka 5 hivi ya mwanga. Elmar ina nyuso sita za namna hiyo, kwa hiyo inapoteza karibu robo ya mwanga, chini ya nusu ya hatua moja ya tundu. Lenzi yenye nyuso 12 zisizopakwa ingepoteza zaidi ya asilimia 40, na sehemu ya mwanga huo ingezunguka ndani na kuyafanya meusi kuwa kijivu. Vioo vichache ndivyo vilivyoiokoa Elmar.

Tena, filamu ya rangi ya Kodachrome ilipoingia kwenye mkanda wa milimita 35 mwaka 1936, karibu lenzi zote zilizokuwa mikononi mwa watu hazikuwa na utando, na rangi zikatoka. Zitakuwa na upole fulani, weusi usiokolea sana. Kwa jua letu la saa saba mchana, linalochimba vivuli vyeusi chini ya macho ya kila mtu, mimi upole huo ninaushukuru.

Adui ni jua linapoingia lenzi moja kwa moja. Kofia ya kivuli inasaidia, ila kitasa cha kubadilisha tundu kiko usoni mwa lenzi, na kofia ikishavaa kidole hakikifikii. Leitz walitengeneza kofia ya pekee, VALOO, inayozungusha kitasa hicho kutokea nje. Bei yake siku hizi inakera. Mimi ninatumia kiganja cha mkono wa kushoto, na mara mojamoja kidole kinaingia kwenye picha.

"Namba 6.3, 9 na 12.5 ni za kamera mbovu"

Ni mfululizo wa zamani wa Ulaya wa namba za tundu: 4.5, 6.3, 9, 12.5, 18. Kila hatua inakata mwanga nusu, sawasawa na 5.6, 8, 11 na 16. Tisa ni nane iliyofungwa kidogo. Ukiweka 9 na kulenga mita 9 hivi, kuanzia mita 4.5 mpaka upeo wa macho vyote vinakubalika, na barabarani hilo linatosha kuachana na dirisha la fokasi.

"Ikiingia skrubu, imekubali"

Mdomo wa skrubu wa Leica, kipenyo milimita 39, uliigwa kote. Wasovieti walianza kutoa kamera za FED mjini Kharkiv mwaka 1934, na Zorki zikafuata baada ya vita. Lenzi yao Industar-22 inafanana na Elmar kama pacha, na inazama vilevile. Watu huinunua kwa bei ya chakula cha wiki, wanaifunga kwenye Leica, inaingia, wanafurahi.

Shida haionekani kwa macho. Lenzi ya kawaida ya Leica iliyoandikwa 50 ina urefu halisi wa fokasi wa milimita 51.6. Wasovieti walifuata kipimo cha Contax, kamera ya Zeiss, milimita 52.4. Kwenye vitu vya mbali zinaelewana. Ukisogea mita moja, kigurudumu kinaambiwa jambo moja na filamu inapata jingine. Ukiwa na f/3.5 kina cha ukali, yaani eneo la mbele na nyuma linalotoka kali, mara nyingi hufunika kosa. Ukiwa na lenzi yao nyingine, Jupiter ya f/2 au f/1.5, macho uliyoyalenga yatalegea.

Kipimo changu ni chupa tano za soda kwenye benchi, zimepangwa mshazari, ya katikati ikiwa mita moja kutoka kwenye kamera. Weka kamera kitu kisichotikisika, fungua tundu lote, lenga maandishi ya chupa ya katikati. Filamu ikisafishwa utasoma mwenyewe ni soda gani iliyotoka.

Kuna wanaoamini pia kwamba lenzi ya skrubu haifai Leica M, kizazi kilichoacha mdomo wa skrubu. M ilikuja na M3 mwaka 1954, na waliitengeneza wakiikumbuka skrubu: kutoka mdomo wa kamera mpaka filamu ni milimita 27.8 badala ya 28.8. Pete ya kuunganishia yenye unene wa milimita moja inaziba pengo hilo, na fokasi inafanya kazi. Ila kwenye Leica M5 na CL usiizamishe lenzi. Zina mkono wa kupimia mwanga unaosimama nyuma ya lenzi, na mtungi utaugonga.

"Kuvu huambukiza, itenge lenzi"

Mbegu za kuvu ziko hewani kila mahali, hata kwenye lenzi mpya dukani. Kinachoziotesha ni unyevu na giza. Kwa tunaoishi pwani, Tanga, Mombasa au Unguja, mahali pabaya kuliko pote ndipo watu wanapopaona salama: ndani ya mkoba wa ngozi, kabatini. Ngozi hunywa unyevu na kuutunza. Mkebe wa plastiki unaofunga vizuri, na pakiti za kukausha unyevu unazozibadilisha zikichoka, ni bora mara kumi. Utando wa maziwa ndani ya kioo ni kitu kingine. Mara nyingi ni mvuke wa mafuta ya zamani, na fundi anaufuta. Kuvu iliyokwisha kula kioo haifutiki. Washa tochi ya simu nyuma ya lenzi kabla ya kutoa pesa.

"Kifuniko ni cha kulinda kioo"

Kinalinda zaidi pazia la shata, linaloruhusu au kuzuia mwanga kufika kwenye filamu. Shata ya Leica hizi ni kitambaa chenye mpira, na hakuna kioo cha kuakisi kinachosimama kati yake na lenzi. Ukiiacha kamera mezani ikitazama jua, fokasi ikiwa mbali, Elmar inafanya kile mtoto anachofanya na kioo cha kukuza na karatasi. Pazia linatoboka tobo dogo kama ncha ya sindano, na unaligundua kwa nukta zilezile zinazojirudia, picha hadi picha. Kulitafuta, toa lenzi, ingia chumba chenye giza, mulika pazia kwa tochi upande wa mbele na uchungulie kwa nyuma. Kwenye IIIf, ambayo mgongo wake haufunguki, itabidi fundi aitoe ganda kwanza.