Homa ya ini C: usisubiri macho yawe ya manjano

Wengi wanaoniuliza dalili za homa ya ini C huja na karatasi ya maabara mkononi. Mtu alikwenda kuchangia damu, baadaye akaitwa pembeni na kuambiwa damu yake haitatumika. Amejipapasa tumbo, amejitazama macho kwenye simu, haoni kitu, sasa anataka nimwambie kwamba kipimo kimekosea.

Kutoona kitu ndiyo kawaida ya ugonjwa huu wa ini, unaoletwa na kirusi. Katika kila watu 10 wanaoambukizwa, 8 hivi hawaumwi chochote mwanzoni. Waliobaki huugua kati ya wiki 2 na miezi 6 baada ya kirusi kuingia, tena ugonjwa usio na sura yake: homa, uchovu, kichefuchefu, chakula hakipiti, viungo vinauma, maumivu chini ya mbavu za kulia. Huku kwetu mtu wa hivyo hununua dawa ya malaria, anapata nafuu ambayo angeipata hata bila dawa, na habari inaishia hapo.

Kinachotuelekeza kwenye ini ni mkojo mweusi kama chai ya rangi, choo kilichopauka, na manjano ya macho.

Manjano yanataka jicho lililozoea. Watu weusi wengi, hasa wanaoshinda juani, weupe wa macho yao una ukahawia wa asili, na kila wiki naletewa mtu mzima wa afya aliyetishwa na jirani. Mimi humsogeza dirishani, maana taa za ndani hudanganya, nikashusha kope ya chini na kumwambia atazame juu. Ukahawia wa kawaida hukaa zaidi pale panapopigwa na jua. Manjano ya kweli yanaendelea hadi sehemu iliyofunikwa na kope. Kisha ainue ulimi, nitazame chini yake. Mkojo nao, ukitikiswa kwenye kichupa ukatoa povu la manjano, huenda nyongo imo. Ila nauliza dawa kwanza: rifampisini ya kifua kikuu hugeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa bila ini kuwa na kosa.

Na hata manjano yakithibitika, hayasemi ni kirusi gani. Homa ya ini A, B na C, kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Takriban 3 kati ya 10 mwili wao hukifukuza kirusi wenyewe ndani ya miezi 6. Wengine hubaki nacho miaka na miaka, wakilima, wakizaa, wakicheza mpira. Ndani ya miaka 20, asilimia 15 hadi 30 ya hao huishia na ini lenye makovu, yaani sirosisi. Katikati hapo dalili zipo, lakini hazielekei ini: uchovu usioisha, vipele vya zambarau miguuni visivyofifia ukivibonyeza, figo kuvujisha protini, kisukari.

Mwisho kabisa ndipo kila mtu anapoona: tumbo kujaa maji, miguu kuvimba, kutapika damu, choo cheusi. Wapo wanaolala mchana na kukesha usiku, wanasahau majina ya watoto, na ndugu wanaanza kumtafuta mchawi. Mgonjwa wa namna hii akinyoosha mikono mbele na kuinua viganja, viganja hupigapiga. Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kirusi hiki hupita kwenye damu, kwa hiyo mimi huuliza habari za damu kuliko dalili. Umewahi kuongezewa damu zamani? Kirusi chenyewe kilitambuliwa mwaka 1989 tu, kabla ya hapo hakuna aliyeweza kukipima. Umewahi kujidunga, kusafishwa figo kwa mashine, kuchanjwa chale kwa wembe uliotumika kwa mwingine? Misri, sindano za kutibu kichocho zilizorudiwa bila kuchemshwa vizuri, kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980, zilisambaza kirusi kwa watu wengi sana, na wengi waliishi nacho kwa miongo bila kujua. Mwaka 2018 nchi hiyo ilianza kupima mamilioni ya watu wazima, wenye dalili na wasio nazo. Naona walifanya jambo la akili.

Sasa yule mwenye karatasi. Kipimo cha kwanza hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza kupambana na kirusi, na hizo hubaki hata kwa aliyekwisha kupona. Anahitaji cha pili, kinachotafuta kirusi chenyewe. Kikipatikana kuna vidonge, kama sofosbuvir pamoja na daclatasvir, kwa kawaida wiki 12, na zaidi ya asilimia 95 hupona. Kabla ya kuanza lazima apimwe homa ya ini B, kwa kuwa dawa hizi zinaweza kuiamsha. Mwenye sirosisi ataendelea na altrasaundi kila miezi 6 hata baada ya kupona, maana hatari ya saratani ya ini haiondoki na kirusi. Na kama alichanjwa B akadhani yuko salama, chanjo hiyo haigusi C. Ya C bado haijapatikana.