Ikoni ndogo kupita kiasi kwenye skrini ya 4K: chunguza kwanza programu imesema nini

Ikoni nyingi za programu za zamani zilichorwa kwa pikseli 16 kwa 16. Kwenye skrini ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080, inchi moja hubeba pikseli kama 92, kwa hiyo ikoni hiyo huwa na upana wa milimita nne na ushee. Ihamishie kwenye laptop ya inchi 15.6 yenye pikseli 3840 kwa 2160, yaani 4K. Hapo inchi moja ina pikseli 282, na ikoni ileile inabaki na milimita 1.4. Jaribu kuilenga na kipanya.

Wenye laptop za namna hii huniambia maneno yanayofanana: "Fundi, Word iko sawa, ila Photoshop ya zamani imekuwa punje za ulezi." Malalamiko hayo ni nusu ya jibu. Kama tatizo lingekuwa skrini, Word nayo ingekuwa ndogo.

Tangu Vista, Windows huangalia kama programu inajua kujikuza yenyewe kwenye skrini yenye pikseli nyingi. Jibu huwa ndani ya tamko dogo linaloitwa manifesti. Programu isiyosema chochote huchorwa kwa kipimo cha kale cha pikseli 96 kwa inchi, kisha Windows huivuta kama mtu anavyovuta picha: inakuwa kubwa, lakini yenye ukungu. Inayosema inajua, na kweli inajua, hutoka safi. Shida ni ile inayosema inajua na haijui. Windows huiamini na kukaa pembeni, nayo hujichora kwa vipimo vyake vya zamani. Photoshop CS6 ya mwaka 2012 ni ya kundi hilo, pamoja na programu nyingi zinazoendeshwa na Java 8, mfumo unaoendesha programu zilizoandikwa kwa lugha ya Java.

Basi ukungu ni dalili ya programu iliyonyamaza, na udogo ni dalili ya programu iliyodanganya. Dawa ya moja ni kinyume cha dawa ya nyingine, ndiyo maana watu wengi hufuata maelekezo ya kuondoa ukungu wakati wao wanasumbuliwa na udogo, kisha wanashangaa hakuna kilichobadilika. Ukitaka uhakika badala ya kukisia, fungua Task Manager, nenda "Details", ongeza safu ya "DPI awareness", yaani kama programu inajua wingi wa pikseli kwa inchi. Ipo kuanzia Windows 10 toleo la 1903. Programu ndogo isiyoonyesha "Unaware" ndiyo mwongo wako.

Kumnyang'anya tamko lake ni rahisi. Bofya kulia faili la .exe, "Properties", "Compatibility", kisha "Change high DPI settings". Weka tiki kwenye "Override high DPI scaling behavior" na uchague "System" au "System (Enhanced)". Funga programu, ifungue upya. Hiyo ya pili ilikuja na Windows 10 ya mwaka 2017, nami huijaribu kwanza, kwa sababu maandishi yaliyochorwa kwa GDI, njia ya zamani ya Windows ya kuchora, huchorwa upya kwa ukubwa mpya badala ya kuvutwa. Programu za uhasibu na za stoo zilizoandikwa miaka ile hunufaika sana. Ikoni zenyewe zitabaki na ukungu kidogo, maana ni picha tu. Ikileta michoro iliyovunjika, rudi kwenye "System" ya kawaida.

Kwa Java, usihangaike na ikoni iliyoko kwenye desktop kama inayofanya kazi hasa ni javaw.exe, faili la Java linaloendesha programu. Badiliko liwekwe huko, ukijua kwamba kila programu inayotumia Java hiyohiyo itaguswa. Java 9 na kuendelea hujikuza yenyewe, lakini si kila programu ya zamani itakubali kuhamia huko.

Kabla ya 2017 tulikuwa tunaandika manifesti ya nje na kuhariri rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, ili Windows iipendelee. Kwa aliyeko bado Windows 7 au 8.1 mbinu hiyo ipo. Kwa wengine, achana nayo.

Kuna gharama yake, na wasanifu wa picha wanapaswa kuijua. Windows inapovuta dirisha, inavuta kila kitu kilichomo, hata picha unayoihariri. Ukiwa umekuza Windows kwa 200%, pikseli moja ya picha itakalia pikseli nne za skrini hata kama Photoshop inaandika 100%. Utadhani picha haina makali, uzidishe kunoa, na kazi itoke kwenye printa ikiwa imekakamaa. Kwa 150% ni mbaya zaidi, maana pikseli moja inatakiwa kujaza moja na nusu kwa kila upande. Anayeishi kwa kuhariri picha ningemshauri atafute toleo jipya linalojikuza, au aiunganishe laptop na skrini ya nje ya 1080p (pikseli 1920 kwa 1080) kwa kazi hiyo.

Wapo mafundi wanaoshusha rezolusheni ya skrini nzima hadi 1920 kwa 1080 na kudai wamemaliza. Menyu inakuwa kubwa, ni kweli, lakini umemnyima mteja robo tatu ya pikseli alizolipia kwa ajili ya programu moja.

Na ukiunganisha projekta halafu programu ileile ikabadilika ukubwa, usianze kufungua mipangilio upya. Programu nyingi za zamani hufuata kipimo cha skrini kuu kilichokuwepo ulipoingia kwenye akaunti yako. Acha projekta imechomekwa, toka kwenye akaunti, ingia tena.