Maana ya "nidhamu ya kanisa" katika kesi za wachungaji wa Presbiteri

Mara nyingi mno sasa nimesikia ikisemwa kwamba Kanisa la Presbiteri la Marekani "liliwafukuza wachungaji waliofungisha ndoa za jinsia moja", na mara ya mwisho msemaji aliongeza kwamba waliofukuzwa walihukumiwa na askofu wao. Msemaji huyo alikuwa mtu msomi na mwenye nia njema, na ndiyo sababu nimeona niandike. Kanisa hilo halina askofu, na kesi inayotajwa zaidi ya zote, ya Mchungaji Jane Spahr, haikuishia katika kufukuzwa. Kosa limeanzia kwenye neno lenyewe, nidhamu.

Kwa kifupi, nidhamu ya kanisa ni mamlaka ambayo kanisa huyatumia kuwaongoza, kuwalea na kuwarekebisha washirika na watumishi wake kwa utaratibu uliokwisha kuandikwa. Hukumu ni sehemu moja tu ya utaratibu huo, nayo huja mwishoni.

Linaloniudhi ni jinsi tulivyolifanya neno hili liwe jina jingine la adhabu. Adhabu na nidhamu yote mawili yametoka katika Kiarabu, lakini hayakutoka mahali pamoja. Adhabu ni mateso, ni uchungu anaotiwa mtu. Nidhamu ni mpango, na mzizi wake ulihusu kazi ya mikono, yaani kupitisha lulu kwenye uzi, moja baada ya nyingine, hadi ziwe mkufu. Waarabu wakautumia mzizi huo huo kwa kupanga maneno ya shairi. Msemaji wa Kiswahili haimpi taabu kuelewa jambo hili, kwa kuwa sisi nasi hutunga shanga na hutunga mashairi kwa kitenzi kimoja. Ushanga ukichomoka, mwenye mkufu huutafuta aurudishe kwenye uzi, maana bila ushanga huo, mkufu una pengo.

Wazee wetu walikuwa na neno jingine zuri zaidi ambalo linaanza kupotea midomoni mwetu, nalo ni marudi. Kumrudi mtoto ni kumkanya na kumwonya ili arejee katika njia, na sauti ya neno inabeba safari hiyo ya kurejea. Wafasiri wa Biblia walilijua hilo walipoandika katika Waebrania kwamba "yeye ambaye Bwana ampenda, humrudi". Hata Kilatini, ambacho makanisa ya Magharibi yalichukua kwacho neno lao, kinaliunganisha jambo hili na mwanafunzi. Katika lugha zote tatu, anayetiwa nidhamu ni mtu ambaye bado ni wa nyumbani.

Kuna neno la pili linalofaa kufafanuliwa, maana bila hilo habari ya askofu haitaeleweka. Presbiteri ni Kigiriki cha mzee. Kasisi, neno tulilolipata kwa Waarabu nao wakalipata kwa Wakristo wa Kisiria, maana yake ya asili ni hiyo hiyo, mzee. Kanisa la Presbiteri ni kanisa linalotawaliwa na wazee waliokaa pamoja: kikao cha wazee katika usharika, kisha presbiteri ya eneo, kisha sinodi, kisha Mkutano Mkuu. Mchungaji si mshirika wa usharika anaouhudumia. Ni mshirika wa presbiteri, na presbiteri ndiyo inayomshtaki anaposhtakiwa. Kesi husikilizwa na tume ya kudumu ya hukumu yenye wachungaji na wazee ndani yake, mshtakiwa ana haki ya kutetewa, na rufaa hupanda kwa sinodi hadi tume ya Mkutano Mkuu. Akikutwa na hatia, hatua zilizoandikwa katika kanuni za kanisa hilo ni nne: karipio, karipio pamoja na kurekebishwa chini ya usimamizi, kuzuiwa huduma kwa muda, na kuondolewa katika huduma. Karipio ndilo jepesi kuliko yote.

Sasa tazama kesi ya Mchungaji Jane Spahr wa presbiteri ya Redwoods, California. Alishtakiwa kwa kufungisha ndoa za jozi mbili za wanawake mwaka 2004 na 2005, ilhali kanuni za kanisa zilieleza ndoa kuwa mapatano kati ya mwanamke na mwanamume. Mwaka 2006 tume ya presbiteri yake ilimwachilia kwa kura 6 kwa 1. Mwaka 2007 tume ya sinodi ikaigeuza hukumu hiyo na kuamuru akaripiwe. Mwaka 2008 tume ya Mkutano Mkuu ikaliondoa karipio, lakini kwa hoja ambayo wengi waliosherehekea hawakuisoma hadi mwisho: ilisema kwamba kwa ufafanuzi wa kanisa ibada ya watu wa jinsia moja haiwezi kuwa ndoa, na mtu hawezi kukutwa na hatia ya kutenda jambo lisiloweza kutendeka. Hukumu hiyo ilimwachilia mchungaji na papo hapo ikazikana ndoa alizozifungisha.

Mwaka huo huo wa 2008 sheria ya California iliruhusu ndoa hizo kuanzia Juni hadi kura ya wananchi ya Novemba iliyozikataza, na Spahr, aliyekuwa amekwisha kustaafu, akafungisha ndoa za jozi 16. Safari hii mbele ya serikali zilikuwa ndoa kamili, na hoja ya mwanzo haikuweza kumkinga tena. Mwaka 2010 tume ya presbiteri ilimkuta na hatia na kumpa karipio, na katika hukumu hiyo hiyo ikamshukuru kwa utumishi wake. Nimeirudia hukumu hiyo mara nyingi, na kila mara naona uzito wa wazee waliolazimika kuishika kanuni huku wakikiri kwamba inawaumiza watu. Rufaa ilikataliwa Februari 2012. Ilipofika Mei, presbiteri yenyewe ilipiga kura 74 kwa 18 kupinga karipio hilo.

Sisemi kwamba jambo lilikuwa dogo. Kuitwa mbele ya wazee wenzako kwa miaka mingi ni mzigo, na kwa upande wa pili wako waumini walioamini kwa dhamiri safi kwamba kuacha kumshtaki kungekuwa kuyaacha Maandiko. Makanisa ya Presbiteri ni mengi na hayakukubaliana: Kanisa la Presbiteri katika Amerika, ambalo jina lake hufanana na la kanisa la kina Spahr hadi watu huyachanganya, halijaruhusu ndoa hizo, huku Kanisa la Scotland likiwaruhusu wachungaji wanaotaka, kwa kura 274 kwa 136, mwaka 2022.

Wako pia wanaosema kwamba kanisa la kina Spahr lilibadilika kwa kuifuata Mahakama Kuu ya Marekani, iliyoziruhusu ndoa hizo nchi nzima. Tarehe hazikubali. Mkutano Mkuu uliokutana Detroit mwaka 2014 uliwaruhusu wachungaji kufungisha ndoa hizo pale ambapo sheria ya nchi inakubali, na ukapeleka kwa presbiteri pendekezo la kuieleza ndoa kuwa ni ya watu wawili, kwa desturi mwanamume na mwanamke. Presbiteri za kutosha zilikuwa zimekwisha kulipitisha tarehe 17 Machi 2015, na hukumu ya mahakama ilitoka tarehe 26 Juni. Badiliko hilo halimlazimishi mchungaji yeyote kufungisha ndoa asiyoiona kuwa sawa, na hilo nalo husahauliwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, utakaposimulia tena habari ya Jane Spahr, neno "alifukuzwa" liache. Sema alishtakiwa na presbiteri yake, akakutwa na hatia, akahukumiwa karipio, na presbiteri hiyo hiyo ikalipinga. Na ukiulizwa askofu alisema nini, jibu kwamba waliohukumu walikuwa wazee.