Tundu la ozoni halijaleta joto, na mengine mnayokosea kwenye pepa la Mazingira

Jamani mnaopiga msuli wa UE (mtihani wa chuo) ya Mazingira, naomba tuelewane kwenye jambo moja kabla hamjanipandisha presha. Tundu la ozoni (sehemu ya angani ambako gesi ya ozoni imepungua sana) SIYO chanzo cha ongezeko la joto duniani. Nimelisema darasani, nimelisema kwenye semina, afu nikikaa kusahihisha tesiti nakutana nalo tena, safari hii limekuja na mchoro: jua liko kona ya kulia, chini yake mstari wa duara umeandikwa ozoni, katikati ya mstari kuna pengo, mishale minene inapita kwenye pengo inaigonga dunia, pembeni "joto linaongezeka". Mtu kapaka na rangi kabisa. Sifuri.

Tuanze na mionzi maana hapo ndo kosa linapozaliwa. Ozoni nyingi iko stratosfia, tabaka la hewa la kama kilomita 15 hadi 35 kutoka ardhini, na kazi yake ni kudaka mionzi ya UV (mionzi ya jua isiyoonekana inayounguza ngozi), hasa UV-B. Hiyo UV-B ni kiasi kidogo sana cha nishati yote inayotoka kwenye jua, ila ina uwezo wa kuharibu DNA, kwa hiyo ukiulizwa madhara ya kupungua kwa ozoni unaandika kansa ya ngozi, mtoto wa jicho, mazao kudhoofika, planktoni (viumbe vidogo vinavyoelea) wa baharini kuumia. Huandiki ukame. Huandiki barafu ya Kilimanjaro. Ongezeko la joto ni habari ya mionzi mingine kabisa, infraredi (mionzi ya joto isiyoonekana), na hiyo inatoka chini kwenda juu: mwanga wa kawaida wa jua unapasha ardhi, ardhi inalitoa lile joto kama infraredi, gesijoto (mvuke wa maji, hewa ukaa, methani, naitrasi oksaidi) zinainyonya na kurudisha sehemu yake huku chini. Mishale ya kwenye mchoro inatakiwa ipande afu sehemu irudi. Ukichora ya kushuka tu ujue umejibu swali la mtu mwingine.

Na hewa ukaa haigusi ozoni. Imepanda kutoka kama 280 ppm (sehemu kwa kila milioni ya hewa) kabla ya mapinduzi ya viwanda hadi zaidi ya 420 sasa hivi, hilo ni tatizo kubwa sana, lakini haitoboi chochote. Sasa mtu anaandika "ukataji miti unaharibu tabaka la ozoni", namuuliza kwa njia gani, ananiangalia. Kinachovunja ozoni ni klorini na bromini zilizobebwa na CFC (gesi za viwandani zenye klorini, florini na kaboni), haloni na ndugu zao, vitu vya friji na AC za zamani, makopo ya kupulizia, mitungi ya kuzimia moto. CFC huku chini haivunjiki, na ndo sifa iliyowafanya wenye viwanda waipende, inapanda taratibu miaka na miaka mpaka stratosfia, kule UV inaikata, klorini inatoka, na kwa vile klorini ni kichocheo tu haiishi kwenye mmenyuko, atomu moja inaweza kumaliza molekuli za ozoni kama 100,000 kabla haijanaswa na kitu kingine. Wanakemia Molina na Rowland waliliandika hili mwaka 1974, 1985 mtafiti Mwingereza Farman na wenzake wawili wakatangaza vipimo vya kituo cha Halley kule Antaktika vinavyoonyesha ozoni inaporomoka kila Oktoba, 1987 ikasainiwa Itifaki ya Montreal (mkataba wa kupunguza vitu vinavyovunja ozoni), na 1995 Molina, Rowland na Crutzen, mtafiti mwingine wa ozoni, wakapewa Nobeli ya kemia.

Afu kuna ile "siku hizi Dar jua kali kwa sababu ozoni imetoboka". Hapana! Tundu liko Antaktika, linafunguka kama Agosti mwishoni, linakuwa kubwa Septemba na Oktoba, na kwa kawaida kufika Desemba limejifunga. Linataka baridi ya stratosfia ya chini ya nyuzi 78 hasi ili yatokee mawingu ya barafu ambayo juu yake klorini inaamshwa, afu jua lichomoze baada ya usiku mrefu wa huko. Dar hatuna hata kimoja kati ya hivyo. UV yetu ni kali kwa sababu tuko karibu na ikweta na jua linakaa utosini, ilikuwa hivyo kabla friji ya kwanza haijatengenezwa, na jasho la Februari ni unyevunyevu wa bahari. Na kwa taarifa yenu, ozoni ikipungua stratosfia yenyewe inapoa, maana ozoni ndo inayoipasha kwa kunyonya UV. Hilo likiulizwa darasa zima linakaa kimya.

Hapa huwa kuna mjanja mmoja nyuma anasema "lakini si CFC ni gesijoto pia?" Ndiyo, na huyo namheshimu. CFC ina makosa mawili tofauti: inavunja ozoni kule juu, na inanyonya infraredi maelfu ya mara zaidi ya hewa ukaa ya uzito ule ule. Hapo ndo mnapochanganyikiwa, nakubali, lakini gesi moja kuwa na makosa mawili hakufanyi makosa hayo yawe kosa moja. Nenda kaangalie stika nyuma ya friji ya nyumbani. Ukikuta R12 hiyo ni CFC, friji ya babu, makosa yote mawili. Ukikuta R134a, ile mafundi wanaiita tu "gesi 134", hiyo ni HFC, gesi iliyochukua nafasi ya CFC, haina klorini kwa hiyo ozoni haiigusi kabisa, ila ni gesijoto kali, na ndo sababu Oktoba 2016 nchi zilikutana Kigali zikaongeza kipengele kwenye Itifaki ya Montreal ili HFC nazo zipunguzwe. Ukikuta R600a na ile alama ya pembetatu ya moto, hiyo ni isobyutani, inawaka lakini ozoni haina habari nayo na joto inalochangia ni dogo mno. Stika moja ya friji inakufundisha kuliko madesa yote mnayouziana.

Dawa yangu mnaijua na nitaing'ang'ania mpaka nistaafu: swali lolote la angahewa, kabla hujaanza kujibu, andika pembeni kwa penseli vitu vitatu, gesi gani, mionzi gani, tabaka gani. Vikikupa CFC, UV, stratosfia basi mikataba yako ni Vienna 1985 na Montreal 1987. Vikikupa hewa ukaa, infraredi, troposfia (tabaka la chini kabisa la hewa) basi ni Rio 1992, Kyoto 1997, Paris 2015. Aliyeandika Kyoto kwenye ozoni sina la kumsaidia. Na moshi wa magari msiutaje kwenye kutoboa ozoni, huo ukipigwa na jua unatengeneza ozoni huku chini, na ozoni ya huku chini ni uchafu unaoumiza mapafu.

Haya, makosa mengine mnayoandika nayapitisha haraka.

"Mwani unamaliza oksijeni, samaki wanakufa." Nusu ukweli, na nusu maksi. Mbolea na maji taka vinaleta fosforasi na naitrojeni ziwani, mwani unastawi, mchana unatoa oksijeni, usiku unaitumia kidogo, lakini kinachoua hasa ni pale mwani unapokufa ukazama na bakteria wakaanza kuuozesha, wao ndo wanaofyonza oksijeni. Ukisahau bakteria hujaeleza yutrofikesheni (maji kujaa virutubisho kupita kiasi). Ndo maana chupa ya BOD (kipimo cha oksijeni ambayo bakteria wanaitumia majini) inafungwa ikakaa gizani siku 5 kwa nyuzi 20: ungeiacha kwenye mwanga, mwani ungeongeza oksijeni na kipimo kingekudanganya. Na magugu maji ya Mwanza na Kisumu yanakula virutubisho vilevile, ila yanaelea juu na kuziba mwanga, usiyaite mwani.

"Mvua ya asidi ni mvua yenye pH chini ya 7." Mvua safi kabisa ina pH kama 5.6 kwa sababu hewa ukaa inayeyuka ndani yake. Mvua ya asidi inashuka chini ya hapo kwa salfa daioksaidi na oksaidi za naitrojeni. Kwa hiyo usinijibu "hewa ukaa".

"Nishati inazunguka kwenye ikolojia." Virutubisho vinazunguka, nishati inapita tu, kila hatua ya mlo inabaki kama asilimia 10 na sehemu kubwa ya nyingine inatoka kama joto la upumuaji. Haiendi udongoni kurejelezwa.

"Nishati jadidifu haiharibu mazingira." Mkaa nao ni jadidifu, mradi miti iote kwa kasi ya panga. Niambie kama iko hivyo kule mkaa wa Dar unakotoka.

Ya mwisho, "mikunde inatega naitrojeni hewani". Wanaotega ni bakteria wa kundi la Rhizobium walio kwenye vinundu vya mizizi. Ng'oa mche wa kunde au karanga, pasua kinundu kwa wembe: ndani kikiwa na rangi ya waridi wanafanya kazi, kikiwa kijani au kijivu hamna kitu, hata kama majani yanapendeza. Bakteria wa udongoni Nitrosomonas na Nitrobacter msiwaingize hapo, hao kazi yao ni kugeuza amonia iwe naitraiti afu naitreti, hewani hawachukui naitrojeni yoyote.