Jeni kuingia kwenye seli si jeni kufika

Mazungumzo ya tiba ya jeni, yaani kupeleka jeni ndani ya seli ili izisome, yakianza hapa Dodoma, iwe kwenye semina ya chuo au kwenye kundi la WhatsApp la watu wa maabara, hakosekani wa kusema polima fulani ya kubebea jeni "inafikisha jeni kwenye seli karibu zote". Ukimbana kidogo unagundua alichopima ni kuingia tu.

Maana yenyewe ni fupi. Kibebeo cha polima ni mnyororo mrefu wa molekuli wenye chaji chanya. DNA ina chaji hasi kwa sababu ya fosfeti zake, hivyo vikikutana vinashikana na kujikunja kuwa punje ya makumi hadi mamia ya nanomita. Punje hunasa kwenye utando wa seli, seli ikaimeza. Virusi huifanya kazi hii kwa ustadi zaidi, ila ni ghali kuvizalisha, havibebi mzigo mkubwa, na kinga ya mwili huweza kuvishambulia. Ndiyo maana watu hawaachi kuhangaika na polima.

Sasa, kumezwa ni mwanzo tu. Punje inajikuta ndani ya kifuko kiitwacho endosomu, ambacho asidi yake inazidi kupanda, na mwisho DNA hupelekwa kwenye vimeng'enya vya kuisaga. Nyingi huishia humo. Inayochoropoka bado ina mbele yake utando wa kiini cha seli, ambamo ndimo jeni husomwa, kikwazo kikubwa hasa kwa seli isiyogawanyika. Na hata ikipenya, polima ikiwa imeikumbatia mno, seli haiwezi kuisoma. Lori likishaingia geti la soko la mahindi Kibaigwa na turubai halijafunguliwa, hakuna gunia lililouzwa.

Hapo ndipo penye kazi ya kuboresha, na ni kazi ya kuvutana. PEI (polyethylenimine), polima ambayo tangu 1995 ndiyo kipimo cha nyingine zote, ina amini nyingi, yaani vikundi vyenye nitrojeni, zinazonyonya protoni za asidi ndani ya endosomu. Inadhaniwa kifuko huvimba kwa maji mpaka kikapasuka, ingawa wataalamu bado wanabishana juu ya hilo. Minyororo mirefu ya PEI huleta matokeo mazuri kuliko mifupi, lakini pia huua seli zaidi. Suluhisho mojawapo ni kuunga minyororo mifupi kwa vifungo vya salfa mbili: nje ya seli vinashika, ndani vinakatwa na glutathayoni, molekuli ndogo ambayo humo imejaa tele. Polima inavunjika, mzigo unaachiwa, na sumu inapungua.

Tofauti ya kuingia na kufika inaonekana kwa macho. Ipake DNA rangi inayong'aa, uweke sahani ya seli chini ya hadubini: karibu kila seli ina vitone, na hapa ndipo wengi hupiga picha na kwenda kunywa chai. Rudia kwa jeni ya protini ya kijani, ambayo haing'ai mpaka seli iisome jeni na kuitengeneza protini yenyewe. Unaweza kuona kijani kwenye seli chache tu, huku zilizokufa zimeviringika na kuelea juu.

Kwa hiyo, wenzangu, mkiona vitone andikeni kwamba polima imeongeza uingiaji, na hilo si jambo dogo. Kufikisha mkuandike mkishaona kijani, pamoja na idadi ya seli zilizobaki hai.